Mgagani Bila Samli

Daktari alimwambia baba aache mafuta. Alisema vizuri, taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka, huku akimtazama machoni. Alichosahau kusema ni nani angemwachisha, na kwa njia gani, katika kijiji ambako kila nyumba ilikuwa na kibuyu cha kusukia maziwa. Kazi hiyo iliniangukia mimi, na mpaka leo nikiikumbuka nachoka upya.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipokwisha kuhamishwa kutoka kwenye miji yetu ya zamani, kila ukoo na boma lake, na kupangwa kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba, upande wa barabara iendayo Bunda ukitokea Butiama. Tangu wakati wa kupalilia pamba baba alikuwa akishikwa na maumivu ubavuni, chini ya mbavu za kulia. Yakimshika, alijikunja chini na kutapika maji ya kijani. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na nilikuwa nyumbani nikingoja kuitwa kwenye mafunzo ya ualimu. Mama akasema niende naye hospitali Musoma, kwa kuwa nilijua kusikilizana na watu wa ofisini.

"Mzee, nyongo yako ina mawe," daktari alisema.

"Mawe hayanitishi," baba alijibu. "Kwetu tunajengaga katikati ya mawe."

"Haya yako ndani. Ukila mafuta, yanakusumbua. Samli, siagi, utando wa maziwa, nyama iliyonona, vyote uache. Usipoacha itabidi nikupasue."

Hapo ndipo utani ulipomwisha baba. Alikuwa mfugaji, ameshuhudia ng'ombe wengi wakipasuliwa, na hajapata kuona hata mmoja aliyeamka baadaye. Tulipotoka nje alinishika mkono akaniambia kwamba kisu hakitamgusa, afadhali afe mzima. Aliniita mama aliposema hayo. Alikuwa akiniita hivyo siku zote, kwa sababu nilirithi jina la mama yake mzazi, na kila alipotaka jambo gumu kwangu alianza na neno hilo.

Kabla ya kurudi tulipita soko la samaki la Mwigobero, ninunue sato wa kuchemsha. Nilikuwa nimekwisha kupanga kichwani: samaki wa kuchemsha, maharage, nyanya, mboga nyepesi. Nilipogeuka baba hakuwepo. Nilimkuta amesimama mbele ya mama mmoja anayekaanga samaki, macho yameganda kwenye karai.

"Harufu siyo kula," aliniambia kabla sijafungua mdomo.

Nilimvuta shati kama ndama. Watu walicheka, na yeye akacheka pamoja nao, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na hasira. Hivyo ndivyo mambo yalivyoendelea kuwa.

Sasa nieleze kuhusu mgagani, kwa sababu ugomvi wote ulikuwa hapo. Samaki baba alimla, maharage aliyala, lakini hicho kilikuwa chakula tu. Mgagani ndio uliokuwa nyumbani. Mboga hiyo ni chungu. Mama aliichemsha, akamwaga maji, akachemsha tena, kisha akaitia maziwa na kuiacha ilale katika chungu. Kesho yake aliipasha moto na kuiongezea maziwa mengine pamoja na utando wake. Mboga ilizidi kulainika mpaka ule uchungu ukabaki kidogo tu, nyuma ya ulimi. Mwisho kabisa aliweka samli, siyo ya kupaka bali ya kuogelea. Ukichovya tonge la ugali wa mtama na muhogo humo, samli inakufuata mpaka kwenye kiwiko. Baba alikula mgagani akitoka shambani, akipata habari mbaya, akifiwa, akipata mjukuu. Ungemnyang'anya ng'ombe angekusamehe, lakini siyo mgagani. Kwa hiyo niliamua kwamba sitamnyima, nitaupika upya, mwepesi, usio na mafuta.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hiyo mboga pika wewe."

"Kwa nini, mama?"

"Mboga kavu kwetu anapewaga mgeni ambaye hatumtaki, ili ajiondokee mwenyewe. Mimi nimempikia baba yako tangu nikiwa msichana. Leo nimuwekee chakula cha kumfukuza?"

Nikamweleza mawe, nikamweleza nyongo, nikamchorea na picha chini kwa kijiti. Aliitazama ile picha kwa adabu. Halafu akaenda kusuka maziwa.

Basi nikaanza. Nilijaribu kwanza maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi, yale yanayobaki kwenye kibuyu, nikaona nimepata jibu. Yalipochemka yakakatika, yakawa maji huku na vidonge huku, na mboga ikanuka kama nguo ya mtoto. Nikaacha. Nikachukua maziwa mabichi, nikayaacha yatulie usiku, asubuhi nikaondoa utando wa juu, nikayachemsha, nikayapoza, nikaondoa utando mwingine. Wadogo zangu walinizunguka wakigombania ule utando, wakanenepa wao. Mgagani wenyewe niliuchemsha zaidi, nikauongezea kitunguu na nyanya, kidogo kidogo nikatia yale maziwa mepesi. Chungu cha mama nilikiacha, kwa sababu kilikuwa kimekunywa samli ya miaka mingi na kiliitema kila kikipata moto. Nilitumia sufuria.

Nilipoonja nilijisifu. Haikuwa mboga ya mama, nakubali. Lakini uchungu ulikuwa mahali pake, maziwa yalikuwepo, na mtu mwenye njaa angeimaliza. Niliipakua kwenye bakuli, nikaifunika, nikaibeba mpaka uwanjani.

Na hapa ndipo nilipoona ujinga wangu. Nilikuwa nimefikiria nyongo, maziwa, sufuria, kila kitu, nikasahau jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua: mwanamume hali peke yake. Jioni wazee wa mstari wetu walikaa pamoja mbele ya nyumba ya baba, kila mmoja kwenye kigoda chake, na kila nyumba ikaleta chakula chake pale. Ugali huu na ule, mabakuli yakawekwa katikati, mikono ikanawishwa kwa zamu, na kila mkono ukaingia kila bakuli. Zamani, miji ilipokuwa mbali mbali, walikuwa wazee wawili watatu. Serikali ilipotupanga kwa mistari, mabakuli yaliongezeka mpaka yakakosa pa kukaa. Nilikuwa nimempikia mtu mmoja chakula cha mtu mmoja, mahali ambapo hakuna mtu mmoja.

Bakuli langu likawekwa kati ya yale yaliyokuwa yaking'aa kwa samli. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyelichovya kwanza. Alikuwa jirani yetu wa mlango kwa mlango na rika la baba. Walitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo walikuwa na ruhusa ya kutukanana. Alitafuna polepole.

"Rika," alimwuliza baba, "tumekosa nini katika nyumba hii?"

Wazee wakacheka. Baba akacheka. Kisha akavuka bakuli langu kwa mkono mrefu, akachovya tonge katika mgagani wa mke wa Balozi, akalitia mdomoni na kufumba macho.

Nilirudi jikoni nikakaa. Mama akanipa kiazi.

Kesho yake nilimwandalia baba ndani, kwenye meza. Alisimama mlangoni akakitazama kile chakula kama mtu aliyeonyeshwa jeneza lake.

"Anayekula ndani peke yake ni mchawi au ni mgonjwa wa kufa," alisema. "Mimi ni yupi?"

"Wewe ni mgonjwa, baba."

"Wa kufa?"

Akachukua kigoda chake akatoka.

Nikaenda kwa mke wa Balozi. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikamsaidia kuchambua mtama, ndipo nikamwomba, kwa ajili ya baba, apunguze samli katika bakuli la jioni. Aliendelea kupepeta.

"Mwanangu, wewe umesoma," alisema. "Hebu niambie. Nikipeleka mboga kavu pale mbele ya wanaume, watasema nini? Watasema ng'ombe wa Balozi wamekufa, au watasema mke wa Balozi amegombana na mume wake. Mimi sijagombana naye."

Nilienda na kwenye nyumba nyingine, nikapewa jibu lile lile kwa maneno mengine. Mmoja aliniambia kwamba mawe ya baba yametokana na maji ya Musoma. Mwingine aliniambia samli ndiyo dawa ya mawe, inayalainisha. Nilikuwa nikirudi nyumbani na kuongea peke yangu njiani. Na kila jioni baba alikuwa anakula tonge langu moja kwa kunifurahisha, kisha mkono wake unahama. Nikimsema, ananiambia, "Nimeonja tu, mama." Kuonja huko kungenenepesha fahali.

Kilichotokea kilikuwa lazima kitokee. Asubuhi moja tulikuwa shamba la kijiji, tunachuma pamba, nikasikia wanaume wanaita. Baba alikuwa chini kati ya mistari, amejikunja, meno yameuma shati. Jioni iliyotangulia kulikuwa na mgagani wa siku tatu wa mke wa Balozi. Lori lililokuja kuchukua marobota ndilo lililompeleka Musoma, amelazwa juu ya pamba, mimi nimemshika kichwa. Kila tuta la barabara alilisikia ubavuni. Hakulia. Alikuwa ananiambia tu, tena na tena, "Wasinipasue, mama. Waambie." Sijawahi kuogopa kama siku ile, na sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia yeye.

Hawakumpasua. Maumivu yalitulia kwa dawa, wakamlaza, wakamruhusu. Daktari yule yule alinitazama mimi safari hii, siyo yeye. "Akirudi tena katika hali hii," alisema, "sitauliza mtu."

Jioni tuliyofika kijijini wazee walikuja kumpa pole, na baada ya pole mabakuli yakaletwa kama kawaida. Nilisimama jikoni nikanusa. Samli, kama siku zote. Sikufikiri. Nilitoka nikasimama katikati ya wazee, mimi msichana, kitambaa cha kichwa kimelegea, nikasema maneno ambayo msichana hasemi mahali pale. Nikawaambia kwamba wanamuua. Nikawaambia kwamba kila bakuli pale ni kisu, na kwamba tulifundishwa shuleni msemo wa Waswahili, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na leo nimeuona kwa macho: watakula naye mpaka mwisho, kisha tutazika sisi.

Nadhani wazee walishangaa mno. Mama alikuja akanishika mkono akanirudisha ndani, na nilimsikia baba akiomba radhi kwa niaba yangu, akisema shule zimetuharibia watoto. Nililia kwa hasira mpaka pua ikaziba.

Siku iliyofuata nilipika sufuria yangu kwa ukaidi tu. Nilipoipeleka uwanjani nilidhani macho yangu yana kasoro. Bakuli la nyumba ya Balozi halikung'aa. Lile la pili vile vile. Mboga zote zilikuwa kavu, zimekaa pale katikati kama wageni wasiotakiwa. Wazee walinawa. Balozi akachovya, akatafuna, akameza kama anameza kwinini.

"Daktari amekataza mstari wote," alisema. "Tule."

Wakala. Hakuna aliyetania. Na baba, kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kuhamishia mkono, akala mgagani wangu mpaka akapangusa bakuli.

Wanawake wa mstari hawakunisamehe. Kisimani walinipa mgongo. Mke wa Balozi aliniambia, bila kunitazama, kwamba tangu aolewe hajapata kupeleka aibu kama ile mbele za watu, na kwamba amefanya hivyo kwa kuwa mume wake ameamuru, siyo kwa kuwa mimi nimesoma. Sikujali. Nilikuwa nimeshinda. Siku zikapita, baba hakushikwa. Uso wake ulipata rangi. Alianza tena kufokea ng'ombe. Nilijiona mjanja wa mkoa mzima wa Mara, na niliongea sana juu ya lishe, mpaka mama akaniomba ninyamaze walau wakati wa kulala.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Wazee hawakukonda. Watu waliozoea kula samli maisha yao yote, sasa wanakula majani na nyanya, matumbo yao yakabaki pale pale.

Jioni moja moto wetu ulizimika wakati wazee wamekwisha kula na kutawanyika. Nikachukua kigae nikaenda kuomba moto kwa Balozi. Jikoni kwao kulikuwa nyuma ya nyumba, kibanda kidogo cha nyasi, cheusi kwa moshi. Nilipiga hodi huku nimekwisha kuinama kuingia.

Balozi alikuwa amekaa juu ya gogo la kuni, magoti yamefika kidevuni, kichwa kimeinama kwa sababu ya paa. Mapajani ameshika bakuli. Samli ilikuwa imemteremka mpaka kwenye ndevu. Huyo ndiye mzee aliyekuwa akisimama mbele ya mkutano wa kijiji na watu wakanyamaza. Kwetu mwanamume hakanyagi jikoni. Anayekula jikoni ni mtoto ambaye bado hajaitwa uwanjani. Mke wake alisimama kando, ameshika mwiko, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni kwa huruma.

Balozi hakuweka bakuli chini, wala hakuendelea kula. Nilichota moto nikatoka kinyumenyume.

Nilipokuwa narudi nilitazama mstari mzima, na nikaona kile ambacho sikuwa nimekiona siku zote hizo. Moshi ulikuwa unatoka kila jikoni, wakati chakula kimekwisha kuliwa zamani. Kila kibanda kilikuwa na mzee wake ndani.

Hasira iliyonipanda sijui niielezeeje. Niliona nimefanywa mjinga. Nilimkuta baba amekaa peke yake uwanjani, kwenye kigoda, anachokonoa meno. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia kwamba marafiki zake ni waongo, wanakula mbele yake mboga kavu kisha wanakwenda kujificha na samli, na kwamba kesho nitawasema hadharani, kila mmoja.

"Nyamaza, mama," alisema. "Keti chini."

Nikaketi.

"Unafikiri mimi sijui? Nasikiaga harufu tangu siku ya kwanza. Mawe yako kwenye nyongo, hayako puani."

"Sasa mbona hukusema?"

Upepo ulikuwa unatoka upande wa nyumba ya Balozi, na kweli, ulinuka mgagani wa siku tatu, na samli, na nilimwona baba akiuvuta, taratibu, mpaka ndani.

"Yule ni rika langu," alisema. "Tangu tutoke kutahiriwa hajakaa jikoni. Hata alipofiwa na mke wa kwanza, alikuwa analala njaa kuliko kuinama mle ndani. Leo anainama kila jioni, ana mvi, anakula gizani kama mtoto, ili mimi nisile peke yangu. Halafu wewe unataka nimwambie nimemwona?"

Nilitazama chini. Nilitaka bado kukasirika, nilikuwa nimezoea, lakini hasira haikuwa na pa kushika.

"Na usiwaambie kwamba najua," aliongeza. "Watashindwa kuja."

"Sawa, baba."

Akainuka, akachukua kigoda chake. Alipofika mlangoni alisimama, na sauti yake ikawa ile ya kawaida, ya mtu anayelalamika juu ya huduma.

"Lakini wewe nawe unachelewaga mno na hiyo sufuria yako. Kesho uwahi kupakua. Wazee wanakaa na njaa mpaka usiku."

Kesho yake nilipakua jua likiwa bado juu.